Miembe ya Tabora: nani aliipanda? Na kwa nini tusiitunze kama bustani yetu?

#1 Mwana wa Gongoni

Wakuu, mwangaluka.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi usiku hapa Tabora, na kulipokucha watoto wa mtaa mzima walikuwa chini ya miembe wakiokota yaliyoangushwa na upepo. Kwetu tuna desturi tangu enzi za marehemu bibi. Jumapili ya kwanza baada ya mvua hiyo hatupiki ndani. Tunabeba mikeka, sufuria na bao la babu, tunahamia mwembeni mpaka giza liingie. Embe bichi linakatwa vipande, chumvi na pilipili. Yaliyoiva yanatiwa kwenye beseni la maji na kila mtu anachukua lake. Majirani wanajisogeza wenyewe, haalikwi mtu.

Mwaka huu alikuwepo shemeji yangu kutoka Njombe. Akalitazama shina, ambalo watu wazima watatu wakishikana mikono ndiyo wanalizunguka, akauliza: hii miti nani aliipanda? Mama akamjibu kama bibi alivyotusimulia: mateka waliopelekwa Bagamoyo walikula maembe njiani wakatupa kokwa, na kila ilipoanguka kokwa ukaota mwembe. Ndiyo maana imefuata njia. Shemeji akakaa kimya kidogo, akasema: "Mama, mateka si walikuwa wakitoka huku kwenda pwani? Hayo maembe waliyatoa wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Nami tangu siku hiyo nalifikiria tu. Wenye kujua naomba mnisaidie. Na nina la pili: mji wetu sehemu za wazi za kupumzikia ni za kuhesabu. Kwangu mimi miembe hii ndiyo bustani ya Tabora. Sasa mbona inaangushwa mmoja mmoja na hakuna anayeuliza?

#2 Kijiwe cha Kahawa

Natandika mkeka hapa. Wanahistoria karibuni.

#3 Binti Kanyenye

Mleta uzi, kwetu tumesimuliwa tofauti. Miembe ilipandwa na Waarabu wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, na waliipanda kwa makusudi. Walijenga matembe, zile nyumba zao za udongo, Kwihara na huku Kazeh (jina la zamani la Tabora), wakalima mashamba na bustani kwa sababu walikaa miaka, si wageni wa kupita. Mtu anayesubiri pembe za ndovu zitoke Manyema, huko Kongo, anahitaji kivuli na chakula. Na mwembe ukishakuwa mkubwa msafara unauona kwa mbali, unajua pale pana kisima na watu.

Nendeni mkaone lile Tembe la Livingstone pale Kwihara. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimwacha hapo Machi 1872, na mzee wa watu akakaa akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Miezi mitano! Jua la Tabora la kiangazi mnalijua. Bila kivuli angekaaje?

#4 Mwisho wa Reli

Mwakeye wote. Naandika nikiwa Ujiji.

Tabora mnajisifu lakini mwembe wenye jina duniani uko kwetu. Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe, Ujiji, tarehe 10 Novemba 1871, na mahali penyewe pana mnara na miembe mpaka leo. Watoto wa shule wanaletwa, wazee wanapunga upepo, sikukuu ya Idd vijana wanajaa kupiga picha. Na ule mstari wa miembe wa kutoka Ujiji mjini umeutangulia umeme, umeitangulia reli. Kwa hiyo jibu la shemeji yako ni jepesi: maembe walikula Ujiji, kokwa wakaziangusha wakielekea kwenu.

#5 Mzee wa Tembe

Mwisho wa Reli, mdogo wangu, nikurekebishe kwa heshima. Miembe iliyopo pale sasa si ule wa zamani. Wa zamani ulikufa, na hii inasemekana ni vizazi vyake. Pili, Stanley mwenyewe aliandika kwamba baada ya kusalimiana walikwenda kukaa barazani kwa Livingstone, chini ya mchirizi wa paa. Tatu, hata tarehe inabishaniwa, kwa kuwa Stanley aliugua homa njiani akapoteza hesabu ya siku.

Hilo haliupunguzii Ujiji heshima. Njia yote ya misafara ya utumwa na pembe, kuanzia Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara mpaka Ujiji, Tanzania iliiombea nafasi kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kwihara na Ujiji zote zimo, hivyo msigombane.

#6 Mwisho wa Reli

Shikamoo mzee. Nimepokea. Lakini swali langu liko palepale: kama kokwa hazikutoka Ujiji, zilitoka wapi?

#7 Bwana Shamba Mstaafu

Nimefanya kazi ya ugani wa kilimo kwa muda mrefu, wilaya tatu za mkoa huu. Naomba niseme la kitaalamu, maana hapa watu wanaizungumzia kokwa ya embe kama vile ni punje ya mtama.

Punje ya mtama unaifunga kwenye kibuyu mwaka mzima na inaota. Kokwa ya embe hairuhusu hivyo. Ikishakauka imekufa. Ukiitoa kwenye tunda una wiki chache tu, na kwenye jua kali ni siku. Sasa pigeni hesabu. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora hii hii, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne! Mtu akitia kokwa mfukoni Bagamoyo, akifika hapa ana kipande cha ukuni.

Na msimu je? Pwani embe linaiva kuanzia Novemba hivi kwenda Februari. Misafara mingi ilikwepa masika, ikaondoka pwani kukiwa kumekauka. Nani alikuwa anakula embe bivu mwezi wa Julai?

Ninachoamini mimi ni kwamba mwembe ulikuja kwa kurukaruka. Ulipandwa kwenye kituo kimoja, ukangojewa uzae, na mwembe wa kokwa unachukua kama miaka sita au zaidi, kisha kokwa zake zikasogezwa kituo kinachofuata. Kazi ya watu wengi na ya miaka mingi. Asili yake ni India na nchi jirani zake huko, kwa hiyo hata huyo Mwarabu alikuwa mtu wa katikati tu.

#8 Mtani wa Pwani

Mimi Mzaramo, na nyie Wanyamwezi watani zangu, kwa hiyo mnaniwia radhi. Jibu ninalo: mliiba kwetu! Mlikuja na mizigo ya watu mkala maembe yetu, mkaondoka na miche mmeificha ndani ya gunia la chumvi. Rudisheni.

#9 Kijiwe cha Kahawa

Mtani njoo uangue mwenyewe, ngazi tunayo.

#10 Mjukuu wa Mpagazi

Mtani anatania lakini ameugusa ukweli ambao watu wanaupita kila siku.

Mnasema mateka, mnasema Waarabu. Mbona hamjamtaja Mnyamwezi mwenyewe? Wapagazi wa njia ile wengi walikuwa babu zetu, na hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru wa kulipwa, walioifanya kazi ya mizigo kuwa sifa ya kijana. Walivuna, wakateremka pwani na pembe, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua ili walime. Hata utani wetu na Wazaramo wazee wanasema ulizaliwa kwenye safari hizo. Mtu aliyeleta vitambaa, shanga na maneno ya Kiswahili, ashindwe kuleta mche mmoja wa mwembe kwenye kibuyu chenye udongo?

Kwetu Itetemia bibi mzaa baba alikuwa na mwembe aliouita kwa jina la babu yake. Alisema babu huyo aliuleta "akiwa ameubeba kama mtoto", akiunywesha maji kuliko alivyokunywa yeye. Sina karatasi ya kuthibitisha. Ila najua bibi alikuwa akiusalimia ule mti asubuhi kabla hajatusalimia sisi.

#11 Mwana wa Gongoni

Mjukuu wa Mpagazi, hilo la mche kwenye kibuyu limenitoa machozi, sikufichi. Ahsante.

Bwana Shamba shikamoo. Kwa hesabu yako simulizi ya bibi yangu imekufa kabisa?

#12 Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu. Haijafa. Misafara ilikuwa ikisimama Unyanyembe kwa wiki au miezi, na mateka walilishwa humo. Maembe yakishakuwa yanazaa hapa, waliotoka hapa kuelekea mashariki wangeweza kudondosha kokwa mbichi siku chache mbele, na zile zilizoangukia msimu wa mvua zikaota. Mwembe wa kwanza hauelezeki hivyo. Lakini wa mia na wa mia mbili, pengine.

#13 Injini ya Mvuke

Wakuu mmekwenda mbali mno. Miembe iliyonyooka kama imepigwa rula, barabara hadi barabara, ni ya Mjerumani. Alikuja 1890, akajenga boma, akapima mitaa, akapanda miti. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa reli na alisema vibarua waliambiwa wapande na wamwagilie, na anayeuacha mche ukafa anachapwa viboko. Mwaka 1916 Wabelgiji walipoitwaa Tabora miti ilikuwa tayari imesimama.

#14 Binti Kanyenye

Kwa hiyo ya barabarani ni ya Mjerumani na ya Kwihara ni ya Mwarabu. Tunaweza kuwa sahihi wote wawili. Embe nalo lina aina zake, hili la kienyeji lenye kambakamba ndilo la zamani, dodo na bolibo zimekuja baadaye.

#15 Mzee wa Tembe

Binti, kuwa na kambakamba hakuthibitishi umri. Hata unene wa shina haudhibitishi. Mwembe uliootea karibu na shimo la maji machafu unanenepa kwa miaka arobaini kuliko wa mlimani wa miaka themanini. Na pete za ndani ya shina kwa miti ya huku ni ngumu kuzisoma. Tukubali tu kwamba mti wenyewe hausemi.

(Haudhibitishi nimekosea, nilitaka kuandika hauthibitishi. Macho ya mzee.)

#16 Mama Wawili Ng'ambo

Hodi. Nimesoma mwanzo hadi hapa kimya kimya. Nyie mnauliza nani aliipanda, mimi nataka kusema juu ya anayeikata.

Mtaani kwetu kulikuwa na miembe minne imepakana na kiwanja cha wazi. Chini ya ule wa kwanza wazee wanacheza bao. Wa pili ni wa mama lishe mmoja, supu asubuhi na maandazi. Wa tatu watoto wamefunga bembea ya tairi. Wa nne tulikuwa tunafanyia vikao vya kikundi cha akina mama, tunaweka na kukopeshana, na miaka miwili tulifanyia hapo maulidi ya mtaa usiku kwa taa za kuning'iniza kwenye matawi. Ilipendeza mpaka watu wa mtaa wa pili walihamia kwetu.

Mwaka juzi walikuja watu na msumeno wa mafuta, wakasema wametumwa, kiwanja kinapimwa. Hakuna kikao kilichoitishwa. Kufika adhuhuri yote minne ilikuwa chini, ikiwa na matunda machanga. Watoto waliyaokota yale machanga wakijaza ndoo, hawaelewi. Kiwanja mpaka leo hakijajengwa kitu, kimeota magugu. Wazee wa bao walitawanyika, na wawili kati yao nimewazika tangu hapo. Sisemi walikufa kwa sababu hiyo. Nasema hawakuwa na pa kukaa.

#17 Kijiwe cha Kahawa

Pole sana mama.

#18 Mwana wa Gongoni

Pole mama. Hiki ndicho nilichokitafuta nilipofungua uzi, sikujua namna ya kukisema.

#19 Fundi Bati Cheyo

Nami niseme upande wangu, msinichukie. Mwembe si malaika. Bati za nyumba yangu zimetobolewa na maembe ya jirani, ukuta umepasuliwa na mzizi, na msimu huu popo wanashinda usiku kucha wanagombana juu ya paa, asubuhi ua wote ni makokwa na mavi. Mtoto wangu alianguka akivunjika mkono akipopoa. Mimi niliukata mmoja na sijutii. Mti mkubwa unahitaji kiwanja kikubwa, na viwanja vyetu vya sasa ni vya kupimiwa kwa hatua.

#20 Bwana Shamba Mstaafu

Fundi una haki, na tiba ipo kabla ya shoka. Mwembe unapogolewa. Ukimaliza kuvuna, punguza kimo na matawi yanayoelekea bati. Utachipua, na maua yake yatakuja kiangazi, maana mwembe unapenda ukavu na ubaridi wa Juni na Julai ndipo uchanue. Ukitaka mti mfupi wa uani, panda wa kubebeshwa, yaani mche uliounganishwa na kikonyo cha mwembe unaozaa. Ndani ya miaka mitatu minne unaonja.

Na makokwa msiyaache yaoze chini. Yule nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegundulika Afrika Mashariki mwaka 2003, ndiye anayewapa funza ndani ya embe. Funza anatoka kwenye embe lililooza, anaingia ardhini, anaibuka nzi mpya. Okoteni kila siku, fukieni kwenye shimo la kina cha mkono mzima au mfungie kwenye mfuko mweusi juani. Mtaa mzima ukifanya hivyo pamoja utaona tofauti; nyumba moja peke yake haifui dafu.

#21 Mwisho wa Reli

Huku kwetu embe lenye funza watoto wanakula upande mzuri tu, maisha yanaendelea.

Lakini nirudi kwenye hoja ya bustani. Sisi Kigoma tuna ziwa, jioni watu wanateremka ufukweni, hatulii sana na kivuli. Nyie hamna ziwa. Mna nini zaidi ya miembe?

#22 Binti Kanyenye

Tuna bwawa la Igombe, ndugu yangu. Sikukuu watu wanakwenda. Tuna viwanja vya Ipuli, Agosti ikifika Nane Nane ya Kanda ya Magharibi iko kwetu na nyie wa Kigoma mnapanda treni kuja. Tuna miombo! Mvua zikikolea, uyoga. Mama yangu alikuwa akituamsha alfajiri, kila mtoto na kikapu chake, tunaingia porini kutafuta uliootea kwenye vichuguu, na tukirudi tunapita kwa mzee wa mizinga tunalamba sega. Hayo ni matembezi kuliko bustani yoyote yenye geti.

#23 Mjukuu wa Mpagazi

Umenikumbusha kumbikumbi. Taa moja, beseni la maji, mtaa mzima nje.

#24 Injini ya Mvuke

Miombo yenyewe inaisha. Tumbaku inakaushwa kwa kuni, kila bani la kukaushia linakula miti, na mkaa juu yake. Zamani uyoga ulikuwa unatembea nusu saa, sasa ni baiskeli na nusu siku.

#25 Mtani wa Pwani

Watani, nimeacha utani kidogo. Mama Wawili ameniumiza. Kwetu pwani mwembe ukipandwa siku mtoto anazaliwa, unakuwa wa mtoto huyo. Hata shamba likiuzwa watu wanauliza kwanza miti ni ya nani. Nyie hamna kitu kama hicho?

#26 Mzee wa Tembe

Zamani hata huku, aliyepanda mti wa matunda mti ulikuwa wake na watoto wake, ingawa ardhi ni ya wote chini ya mtemi. Tabu ya miembe ya mjini ni hiyo hasa: hakuna anayeweza kusimama na kusema "huu ni wa babu yangu". Ndiyo maana swali la mleta uzi si la kupoteza muda. Mti usiojulikana nani aliupanda, mwenye msumeno anauona hauna mwenyewe.

#27 Fundi Bati Cheyo

Mzee hapo umenishika. Ule nilioukata sikuwahi kuuliza.

#28 Mama Wawili Ng'ambo

Fundi, hujachelewa. Nina miche kumi na mmoja ya dodo kwenye makopo, nimeibebesha mwenyewe kwa mafunzo ya kikundi. Minne naitaka irudi palepale kiwanjani, ruhusa nimeshaiandikia barua mara mbili na nitaiandikia ya tatu. Saba nagawa.

#29 Mwana wa Gongoni

Mama, niwekee miwili. Mmoja wa kwetu, mmoja nitampa shemeji aondoke nao, nione kama Njombe kwenye baridi ile utakubali.

#30 Bwana Shamba Mstaafu

Njombe mjini utachanua kwa shida. Mpe parachichi.

#31 Mwisho wa Reli

Bwana Shamba, bado hujanijibu la Ujiji. Kama ulikuja kwa kurukaruka kutoka pwani, sisi tulipokea kutoka kwenu Tabora? Hilo sitalikubali hata nikiletewa cheti. Kuna ziwa, kuna Kongo ng'ambo, kuna mitumbwi.

#32 Mjukuu wa Mpagazi

Sasa unataka kusema ulitokea magharibi? Hata Kongo nako ulipelekwa na watu wa misafara hii hii.

#33 Mwisho wa Reli

Nasema sijaridhika. Kesho nakwenda kumuuliza bibi mmoja Gungu, ana umri wa kuhesabu wajukuu wa wajukuu. Nitarudi na jibu.

#34 Mama Wawili Ng'ambo

Wanaotaka miche: Jumamosi, kabla jua halijawa kali, pale walipokuwa wanacheza bao. Mtapajua kwa visiki vinne. Njooni na maji ya kumwagilia, bomba la jirani siku hizo huwa halitoi.

#35 Fundi Bati Cheyo

Nakuja na madumu mawili. Na jembe.